MGONGO ULIOUMIA ZAMANI: KARATASI YA KILEMA INAWEZA KUANGALIWA TENA

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani, leo tunasema juu ya mgongo wa mzee.

Tuwaze mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya udongo. Siku moja aliinua boriti peke yake, akasikia maumivu makali kiunoni. Kapita aliandika aksida. Hospitali ilipiga picha, mifupa haikuvunjika. Mwishowe karatasi ikasema: kilema cha 20 kwa mia. Miaka imepita. Leo mguu wake wa kushoto unakufa ganzi, hawezi kuinama avae viatu. Majirani wanamwambia: "Baba, maneno hayo yalikwisha."

Je, yalikwisha kweli? Hapana.

Sheria ya tarehe 29 Juni 1961, iliyoanzisha INSS, ilipanga hivi: mwenye kilema cha 15 kwa mia au zaidi hupata pansioni kwa kipimo cha kilema chake, aliye chini ya 15 hulipwa mara moja tu. Ndiyo maana hesabu ile ni kubwa: 40 kwa mia ni mara mbili ya 20. Leo tunafuata sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, na INSS imekuwa CNSS.

Kuna njia mbili, msizichanganye.

Ya kwanza ni kusema: siku ile walikosea. Labda mguu ulisahauliwa, au mshahara uliandikwa vibaya. Njia hii ina siku zake za kulalamika. Someni barua mara mnapoipokea, msiiweke sandukuni.

Ya pili ni kusema: ugonjwa ule ule umezidi. Hapa hatumshitaki mganga wa zamani. Kati ya mifupa ya mgongo mna vitu laini kama mito midogo. Kimoja kikitoka mahali pake, kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Picha ya kawaida inaonyesha mifupa. Mito ile na mishipa huonekana kwa skana au IRM.

Lakini mjue: watauliza kama si uzee tu. Kila mzee ana mgongo unaochoka. Kwa hiyo barua ya mganga isiseme tu "anaumwa." Ieleze mahali palipoumia siku ya aksida, mguu upi unaokufa ganzi leo, na namna mambo hayo mawili yanavyofuatana.

Kusanyeni basi:
1. karatasi ya aksida na uamuzi wa zamani;
2. karatasi zote za hospitali, kwa kufuata miaka;
3. majina ya wenzake waliokuwapo siku ile;
4. barua mpya ya mganga.

Mjumbe wa sendika asaidie kuandika ombi. Bakini na kopi yenye muhuri wa biro iliyolipokea.

Angalisho: mzee akishindwa kukojoa, au akifa ganzi katikati ya mapaja, msingoje karatasi. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Na wewe kijana, ukikuta boriti nzito, ita mwenzako. Ukiumia, hata kidogo, aksida iandikwe siku hiyo hiyo. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mgongo wako pia ni mali.