Uzi Unaofumwa na Kufumuliwa

Jirani yangu hapa Gungu, Kigoma, alifiwa na mumewe. Arobaini ilipopita na mikeka ikakunjwa, alichukua sindano ya kroshia akaanza kufuma kitambaa cha kochi. Akifika mstari wa kumi, wa kumi na mbili, anavuta uzi, kazi yote inafumuka, anaanza tena. Wifi yake uvumilivu ukamshinda: "Wifi, kitambaa gani hiki kisichoisha?" Akajibiwa bila kuinuliwa macho: "Kikiisha, hii mikono niipeleke wapi?"

Tuliokuwepo tulicheka, lakini jibu lile lilikuwa na sayansi ndani yake. Mwenye huzuni hukamatwa na wazo moja linalozunguka usiku kucha kama panya darini. Kufuma kunataka macho, vidole na hesabu ya vitanzi kwa pamoja. Ukiruka kimoja, kitambaa kinakwenda upande. Wazo lile halifukuzwi, ila linapata mshindani.

Mwili nao hupata chake. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufinyanga, kuchora au kubandika picha. Kwa takriban robo tatu yao ilishuka, na wasioweza kuchora hata mbuzi hawakuachwa nyuma na wazoefu. Utafiti ni mdogo, tena haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusiupigie ngoma.

Kuandika kuna tabia yake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike jambo lililowaumiza sana maishani. Walioandika tukio pamoja na uchungu wake waliinuka wakiwa na huzuni kuliko walivyoketi. Nafuu ilikuja miezi ya baadaye: walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Basi ukifungua daftari ukaishia kulia, hujaharibu kitu.

Kuna wanaume watakaosema hayo ni mambo ya kina mama. Teremka Kibirizi siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa. Utawakuta wavuvi wamekaa mchangani, wavu umelala mapajani, wanashona matundu. Kila mmoja anatazama wavu, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na hapo ndipo maneno yanapotoka: deni la injini, mtoto aliyeacha shule, mwenzao ambaye ziwa halikumrudisha. Waketishe watu hao hao kwenye viti, waelekeane, watazungumza Simba na Yanga.

Sindano ina mpaka wake, hata hivyo. Mtu akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili mfululizo, akaacha hata alichokuwa akikipenda, huenda hiyo ni sonona. Aende kituo cha afya, au Maweni, hospitali ya mkoa. Akianza kusema heri asingekuwepo, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo. Kitambaa chake aende nacho. Atakihitaji akiwa kwenye benchi.