KENYA: WAOGIEK WANGALI WAKINGOJA ARDHI YAO

Waogiek ni warina asali na wawindaji wa msitu wa Mau. Oktoba 2009 Serikali ya Kenya iliwapa siku 30 wahame, kwa sababu ya kuhifadhi vyanzo vya maji. Mei 2017 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao zimevunjwa. Wala haikuona kuwa wao ndio chanzo kikuu cha kuharibika kwa msitu.

Mwaka huohuo Serikali iliunda kamati maalumu. Kamati tunazijua! Juni 2022 Mahakama iliagiza Waogiek walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati katika miaka miwili. Novemba 2023, huko Sasimwani, katika kaunti ya Narok, nyumba zao zikabomolewa tena.