Tiba ya Bure Inayomfilisi Mgonjwa

Saratani ya mlango wa kizazi ikishavuka hatua za mwanzo, tiba yake ya kawaida ni mionzi pamoja na dripu ya dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki. Mionzi ya nje hupigwa kama mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano, kisha hufuata mionzi ya ndani. Mwanamke anayetoka Mtwara kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita mia tano. Hata asipotozwa senti hospitalini, kuna nauli ya watu wawili, kwa kuwa lazima awe na wa kumuuguza. Kuna chumba, chakula, daladala za kila asubuhi, na msimu wa korosho unaopita yeye hayupo shambani. Gharama hizi hazionekani kwenye risiti ya hospitali, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu za wanaopanga huduma. Nashikilia kwamba ufukara unaoletwa na matibabu ni madhara ya tiba kama kichefuchefu au upungufu wa damu, na unastahili kupimwa na kutibiwa vivyo hivyo.

Tazama kinachotokea ndani ya uvimbe. Mionzi haiui seli zote kwa siku moja, na zinazonusurika huanza kugawanyika upya, tena kwa kasi zaidi kadiri wiki zinavyokwenda. Ndiyo maana madaktari husisitiza tiba yote imalizike ndani ya wiki nane. Tafiti zimekadiria kwamba kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Mgonjwa aliyerudi kijijini wiki mbili kutafuta pesa ya kula hakupumzika tu. Seli nazo zilipata wiki mbili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia wagonjwa 9,513 wa saratani katika nchi nane za Kusini Mashariki mwa Asia. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 walikuwa wamefariki, na asilimia 48 walikuwa hai lakini matibabu yamemeza angalau asilimia 30 ya kipato cha kaya kwa mwaka. Waliokuwa hai bila kuangukia shimo hilo walikuwa asilimia 23 tu. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2016 katika jimbo la Washington ulionyesha kwamba wagonjwa waliofilisika walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 79 ile ya wenzao ambao hawakufilisika. Mtu atauliza: je, si kwamba waliozidiwa na ugonjwa ndio hufilisika? Swali ni la haki, na watafiti walijaribu kulijibu kwa kulinganisha watu waliofanana kwa mambo kama umri na hatua ya ugonjwa. Shaka haiishi yote, ila vikao vya tiba vilivyorukwa vinatuonyesha njia ambayo umaskini hupitia kufika kwenye uvimbe.

Wengine husema wagonjwa wetu hufa kwa sababu wanachelewa kufika, hivyo fedha iende kwenye uchunguzi wa mapema. Uchunguzi ni muhimu mno. Lakini anayeogopa kuuza shamba huchelewa kwa hofu hiyohiyo, na aliyekwisha kugundulika hawezi kuambiwa asubiri kizazi kijacho. Hoja kwamba kuuliza habari za pesa si kazi ya daktari haina uzito: dodoso la COST la kupima mzigo wa kifedha wa mgonjwa, lililotungwa Chicago mwaka 2014, lina maswali 11, na muuguzi anaweza kuyauliza siku ya kwanza, kabla mgonjwa hajaanza kukosa vikao.

Sayansi yenyewe inaweza kupunguza gharama. Majaribio ya Uingereza yameonyesha kwamba katika saratani ya matiti vikao 25 vinaweza kuwa 15, na mwaka 2020 ikaonekana kwamba kwa wagonjwa wengi vitano vinatosha. Wiki tano za kulipia chumba zinakuwa moja. Kwa mlango wa kizazi ufupisho huo bado unafanyiwa majaribio, na hadi majibu yatoke, hosteli iliyo karibu na mashine na nauli ya mgonjwa zitoke kwenye bajeti ileile inayonunua sisplatini.