Kifafa na Usukani wa Lori

Kifafa ni maradhi ya ubongo yanayojitokeza pale mawasiliano ya umeme kati ya chembe za ubongo yanapovurugika ghafla, mgonjwa akapoteza fahamu, akaanguka na kutikisika mwili mzima, au, katika sura isiyotambulika kwa urahisi, akaduwaa kwa sekunde chache huku macho yake yakiwa wazi na mikono haisikii amri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na maradhi haya, wengi wao, karibu asilimia 80, wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kukaa bila kuanguka kabisa endapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Hapo ndipo linapozuka swali gumu la usafirishaji: mtu ambaye dawa zimemtuliza na hajaanguka kwa miaka, je, aruhusiwe kuendesha lori la mizigo?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930 ilimfungia milango mwenye kifafa bila kuuliza aina wala kiwango cha ugonjwa wake, na ni mwaka 1970 tu ndipo waliokaa miaka 3 bila kuanguka walipoanza kupewa leseni ya gari dogo. Leo nchi hiyo hupima hatari kwa hesabu: mwenye gari dogo huruhusiwa iwapo uwezekano wake wa kuanguka katika mwaka mmoja hauzidi asilimia 20, lakini kwa dereva wa lori au basi kiwango hicho hushushwa hadi asilimia 2, kwa kuwa anashinda barabarani kutwa na chombo chake kikiacha njia hakiui mmoja. Kwa lugha ya kawaida, dereva huyo hudaiwa miaka 10 bila kuanguka na, juu ya hayo, bila kumeza dawa yoyote ya kifafa.

Marekani ilipita njia nyingine. Kanuni zake bado zinamkataza mwenye kifafa kuendesha malori yanayovuka mipaka ya majimbo, ila tangu mwaka 2013 mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori na mabasi imekuwa ikitoa msamaha wa kiafya, yaani ruhusa maalumu inayomwondoa dereva mmoja mmoja katika katazo hilo baada ya kuchunguzwa. Mwenye kifafa hutakiwa awe amekaa miaka 8 bila kuanguka, awe anatumia dawa au la, na kama anazitumia ziwe hazijabadilishwa kwa miaka 2. Aliyeanguka mara moja tu bila sababu inayojulikana hutakiwa miaka 4. Na kila mwaka humrudia daktari. Utaratibu huu una busara kuliko ule wa Uingereza, kwani sharti la kuacha dawa humshawishi mtu avitupe vidonge vilivyomponya ili apate kazi, ilhali anayetumia dawa kwa uaminifu ndiye mwenye rekodi ya kuaminika.

Neno rekodi ndilo linaloleta mjadala huu hadi Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na tangu mwaka 2019 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imepewa pia jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Lakini hata kama msamaha wa mtindo wa Marekani ungeletwa kesho, mwombaji wa Kilindoni angeulizwa aonyeshe miaka minane yake imeandikwa wapi. Kwa mgonjwa wa kawaida ushahidi ni kadi ya kliniki au daftari la shule alilolifanya faili, na daftari likilowa maji ya chumvi au likapotea katika kuhama nyumba, miaka yote huyeyuka nalo.

Si kwamba kumbukumbu haziwezi kutunzwa vijijini. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, mahali ambapo wagonjwa walitengwa kwa kudhaniwa kuwa na pepo na watu waliogopa hata kuwagusa walipoanguka. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Rwiza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa miaka 30. Dawa iliyotumika sana huko, fenobabito, ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na mpaka leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, kwa kawaida ikinywewa mara moja usiku.

Usiku, hata hivyo, ndio adui wa dereva wa mizigo. Lori la bidhaa za Mafia hutoka Dar es Salaam, likafika Nyamisati katika delta ya Rufiji, likasubiri nafasi kwenye kivuko na, mara nyingi, maji kujaa; dereva na utingo wake husinzia kitini, hula wanapopata, na kidonge cha saa tatu hubaki kwenye mkoba. Kukosa usingizi na kuruka dozi ni vichocheo viwili vinavyojulikana mno vya kuanguka, hata kwa mtu aliyetulia kwa miaka, kwa hiyo daktari anayepima dereva angepaswa kuuliza habari za safari zake kwa makini yaleyale anayoulizia historia ya ugonjwa.

Ni haki pia kukumbuka kuwa si kila anayeanguka ana kifafa. Malaria kali, sukari kushuka na kuacha pombe ghafla huweza kumwangusha mtu mzima, na degedege la homa alilolipata utotoni halimfanyi kuwa mgonjwa wa kifafa ukubwani. Wakati uchunguzi ukiendelea, mwajiri mwenye malori mawili matatu anaweza kumhamishia dereva wake ghalani au kwenye kuhesabu mizigo gatini Kilindoni, ingawa huko hakuna posho ya safari, na pengo hilo la kipato ndilo huwafanya wengi wanyamaze na kuendelea kushika usukani.