Karatasi mbele, matafari nyuma: kanuni za kujenga nyumba Lubumbashi

Zamani kampuni ilijenga, mufanyakazi akapokea ufunguo. Leo mufanyakazi anajenga yeye mwenyewe, na mbele ya sheria yeye ndiye anajibu juu ya kila ukuta. Tangu 2013 kanuni zimebadilika, lakini mu kartie mingi watu bado wanaanza na musingi, kiisha wanatafuta karatasi. Tunaeleza njia ya kufuata, na juu ya nini njia hiyo inalinda kwanza bibi na watoto.

Ukipita leo upande wa Luwowoshi, Kilobelobe ao kule Kasapa, utaona kila fasi tumba za matafari, lori za muchanga, na kuta zenye kusimama bila malata. Kati yazo ziko nyumba za watu wa mugote. Feza ya prime, feza ya dekonte, feza ya likelemba: yote inaingia mu ukuta, kidogo kidogo, miaka tano, miaka kumi. Kwa jamaa mingi, ule ukuta ndio benki yao. Ndiyo maana tunauliza mbele ya tofari ya kwanza: ule ukuta ni wa nani?

Toka kambi mpaka lupango

Muji wetu ulianza 1910 na jina la Élisabethville. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imezaliwa miaka ine mbele, mu 1906. Ku mwanzo kampuni ilileta wanaume bila bibi, ikawaweka mu kambi kwa muda mufupi, kiisha ikawarudisha kwao. Kuelekea 1928 ikageuza mawazo: ikatoa mikataba ya miaka 3 na kukubali bibi na watoto mu kambi. Nyumba ya matafari, posho, hospitali, masomo, vyote vilitoka ku kampuni. Bankambo wetu hawakuomba ruhusa ya kujenga kwa sababu hawakuwa wajenzi. Siku kazi inaisha, ufunguo unarudi kwa mwenyewe.

Kujijengea kulianza inje ya kambi, mu miji ya watu weusi: Kamalondo, Kenya, na nyuma Katuba na Ruashi, fasi serikali ya wakoloni ilitoa mikopo ya kujenga mu miaka ya 1950. Wazee wa Katuba bado wanajua kusoma historia ya muji mu malata na madirisha.

Mu 1967 Serikali ilichukua kampuni, na nyuma ikaitwa Gécamines. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi mu mupango wa «départs volontaires», uliolipiwa na Benki ya Dunia. Walipokea feza ya mara moja, na kila mutu akajitafutia. Makampuni mingi yaliyokuja nyuma ya Kodi ya madini ya 2002 yanatia feza ya nyumba ndani ya mushahara; kambi ya jamaa kama ya zamani hayajengi tena. Kwa hiyo muzigo wa kampuni umehamia ku mabega ya mufanyakazi: kuchagua udongo, kuchora plani, kuchunga fundi, na kujibu mbele ya Serikali.

Kanuni zenye kubadilika

Shina la kanuni za kujenga mu Kongo ni dekreti ya tarehe 20 mwezi wa 6, 1957, juu ya mipango ya miji. Mu 1988 arreti ya ministre ilipanga karatasi yenye watu wazima wanajua kwa jina la «autorisation de bâtir». Tarehe 26 mwezi wa 6, 2013, arreti ingine ikaleta «permis de construire». Ndiyo karatasi yenye kuombwa leo, hata kama mu kartie watu bado wanaiita kwa jina la zamani.

Kwa mwenye kujenga nyumba ya jamaa, maana yake ni hii. Permi inatoka mbele ya kuchimba musingi. Kuitafuta siku inspekteri amefika ku mulango, na ukuta uko tayari ku kimo cha madirisha, ni kuchelewa. Na permi haihusu nyumba mupya tu: kuongeza vyumba, kupandisha orofa, ao kugeuza nyumba kuwa duka kunahitaji ruhusa pia. Wangapi kati yetu wamejenga «annexe» nyuma ya nyumba ili kupangisha, bila kujua kama ile nayo ni kujenga?

Mwenye kujenga bila permi anaweza kusimamishiwa kazi, kulipishwa, ao kuona musalaba mwekundu na neno «à démolir» ku ukuta wake. Tofari yenye kuvunjwa hairudishi simenti. Na mutu mwenye hana karatasi hata moja hawezi kwenda mbali na mashitaka yake.

Karatasi za lupango haziko sawa

Permi inatolewa kwa mutu mwenye haki ku udongo. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Katiba ya 2006, mu kipengele cha 9, inapatia Serikali mamlaka juu ya udongo. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, inasema wazi zaidi: udongo ni mali ya Serikali, na haiuzwe. Serikali inatoa haki ya kuutumia. Kwa mwana-Kongo haki hiyo inaweza kuwa ya milele, na inaitwa «concession perpétuelle».

Kipengele cha 219 cha sheria hiyo kinasema kwamba haki ku udongo inasimama kisheria paka kwa «certificat d'enregistrement». Tuiite sertifika. Karatasi zingine zina kazi yao, lakini hazichukui nafasi yake. Fishi parseleri ya komini inaonyesha nani anajulikana mu ile lupango. Livre de lojeri ya zamani, yenye iko mingi mu Kenya na Katuba, ni alama nzuri ya historia ya nyumba. Akti ya kuuziana inaonyesha feza ilipita mukono gani. Kontra ya lokasio ni njia ya kufika ku sertifika: unapewa muda wa kujenga, na ukijenga sawa, unaomba haki ya mwisho.

Mu mipaka ya komini ya Annexe iko tatizo lingine. Shefu wa mila anaonyesha udongo, anapokea feza, anatia mukono ku karatasi. Tunaheshimu bashefu wetu. Lakini karatasi yao peke yake haiko sertifika, na mara mingi udongo mumoja umeonyeshwa kwa watu wawili. Mbele ya kulipa, enda kwa konservateri wa malupango wa upande ule na ku kadastre, na numero ya lupango mu mukono. Uliza kama numero iko, iko kwa jina la nani, na kama haiko mu njia ya barabara, chini ya nguzo za SNEL, juu ya tuyo ya Regideso ao karibu na reli ya SNCC. Uliza tena kama haiko ndani ya karee ya madini: Kodi ya madini ya 2002, yenye ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3, 2018, inapanga umbali kati ya kazi za mugote na nyumba za watu, na mwenye kuja nyuma kujenga ndani ya karee anajitafutia mateso.

Mvua kwa karatasi, kipwa kwa musingi

Mu Lubumbashi mvua inaanza kuelekea mwezi wa 10 ao wa 11, na inakatika mwezi wa 4. Wakati wa kipwa, toka mwezi wa 5, ndio wakati mwema wa kuchimba na kuchoma matafari. Basi tunashauri kalenda rahisi: miezi ya mvua iwe ya karatasi, miezi ya kipwa iwe ya matafari. Mwenye kuanza kukimbia nyuma ya permi mwezi wa 7, na fundi amekwisha kulipwa, atasukumwa na haraka, na haraka inalipisha.

Dosie inakuwa na karatasi ya lupango, plani ya kuonyesha lupango iko wapi, plani ya nyumba yenyewe, na hesabu ya kazi. Plani itoke kwa arkitekti ao mutu wa ufundi mwenye kukubaliwa. Plani ya kukopa kwa jirani haifai, kwa sababu udongo wako hauko kama wake. Nyumba ya chini na jengo la orofa mingi havipite kwa mukubwa mumoja. Uliza ku ofisi ya urbanisme nani anatia mukono ku yako.

Juu ya feza: omba «note de perception», lipa ku benki, na chunga bordero. Feza yenye kupita mukono kwa mukono bila karatasi, hata kama ni ndogo, kesho hakuna mwenye ataikumbuka. Na dosie ikipokelewa, omba kopi yenye tarehe na mhuri.

Yenye karatasi inalinda ndani ya ukuta

Watu wanasema permi ni kodi ingine tu. Lakini plani inalazimisha maswali yenye fundi, akiwa na haraka, hataulizi.

La kwanza ni maji na shimo. Malupango yetu ni madogo, na wengi tuna kisima kwa sababu maji ya roboti hayafiki kila siku. Kanuni yenye kutumika sana mu kazi ya afya ni kuacha mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Mu lupango ya mita 20 kwa 30 ni vigumu, na jirani naye ana shimo lake. Kwa hiyo plani inaonyesha shimo la jirani pia, na pengine inaamua kwamba kisima kisichimbwe hapo. Muji wetu unajua kolera. Hatuna lazima ya kufundishwa mara ya pili.

La pili ni mukaba wa beto wenye kuzunguka kuta zote juu ya madirisha, wenye fundi wanauita shenaji. Unafunga kuta pamoja. Wengi wanauacha ili kupunguza vyuma. Lakini tusidanganyike kwamba Katanga haitetemeki: tarehe 5 mwezi wa 12, 2005, tetemeko la nguvu ya 6,8 lilitoka chini ya ziwa Tanganyika, na Kalemie iliona nyumba zikianguka.

La tatu ni malata. Upepo wenye kuleta mvua za kwanza unapenda dari yenye kulala tu juu ya ukuta. Mbao zifungwe na chuma chenye kuingia ndani ya mukaba wa beto, si misumari peke yake.

Mambo mengine hayaombi feza, yanaomba uvumilivu. Tofari ilowe maji mbele ya kupangwa, kama sivyo inanyonya maji ya simenti na ukuta unabaki dhaifu. Beto inyweshwe maji siku 7 kwa uchache, na nguvu yake inahesabiwa ku siku 28. Fundi mwenye anaweka dari ku siku ya nne anakuonea.

Mama ndiye shefu wa shantie

Mutu wa mugote anafanya kazi Kolwezi, Fungurume, Kambove ao Sakania, na anarudi nyuma ya wiki mbili ao tatu. Wakati ule mama ndiye anahesabu mifuko ya simenti, na ndiye anapokea inspekteri. Lakini mara mingi karatasi zote ziko mu valizi ya baba, kule kazini. Hapo mama anabaki bila la kusema ku mulango wake mwenyewe.

Tunaomba kila jamaa ifanye kopi mbili za permi, kontra, bordero na plani, moja ibaki nyumbani. Kama baba hayuko, aandike prokurasio ili mama aweze kufuata dosie ku ofisi.

Na tuseme lenye watu hawapendi kusema. Kazi ya mugote ina hatari. Kodi ya jamaa ya 1987, yenye ilibadilishwa mu 2016, inaweka watoto mbele mu kuriti, na inaachia mujane haki ya kubaki mu nyumba yenye walikaa na bwana wake. Haki hiyo inaomba ndoa iwe imeandikwa ku etasivili, na nyumba iwe na jina. Nyumba yenye karatasi yake ni akti ya kuuziana tu, na jina ni la kaka mukubwa «juu ya heshima», inaingia mu mikono ya watu wengi siku ya matanga. Mandugu wanafika na lori, na mama anahesabu matafari yake akiwa inje.

Kwa hiyo mbele ya kununua mufuko ujao wa simenti, fungua ile valizi na utoshe karatasi zote ku meza, mama akiwa karibu. Tafuta jina lenye kuandikwa, numero ya lupango, na tarehe. Kama sertifika haiko, kama permi haiko, feza ya mwezi huu ina kazi ingine kuliko matafari. Ukuta unaweza kungoja mpaka kipwa.