Picha ya Tingatinga: Halisi au kopi? Ikague kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayenunua picha za Tingatinga ili aziuze tena, au aziweke kama akiba, hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: anauziwa nini hasa? Sokoni kuna bidhaa tatu zinazofanana kwa macho, lakini bei zake haziwezi kuwa sawa.

Ya kwanza ni kopi iliyochapwa kwa mashine. Ya pili ni picha iliyochorwa kwa mkono na msanii wa leo. Ya tatu, ambayo ni adimu, ni kazi ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Hasara kubwa humpata yule anayenunua bidhaa ya pili kwa bei ya ile ya tatu.

Chanzo cha mkanganyiko

Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuuza picha zake Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kwa hiyo kazi zake zote ni za miaka michache tu, na ugavi wake ulifungwa mwaka huo. Wateja wake wengi walikuwa wageni, ambao waliondoka nazo kurudi kwao.

Mtindo wake haukufa. Wanafunzi wake waliuendeleza, na mwaka 1990 wachoraji waliunda chama chao cha ushirika. Jina la mtu likawa jina la mtindo. Muuzaji akikuambia, "Hii ni Tingatinga," hajasema uongo, lakini pia hajakwambia nani ameichora.

Hatua ya kwanza: Mkono au mashine?

Chukua lenzi ya kukuzia, kama ile wanayotumia masonara. Kopi ya kiwandani huonyesha vidoa vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa mistari. Iliyotolewa kwa printa ya kompyuta huonyesha vidoa laini vilivyotawanyika kama vumbi. Picha ya mkono haina vidoa hivyo. Rangi imetandazwa, na nyuzi za brashi zimeacha alama.

Kisha ishike picha kiubavu kwenye mwanga wa dirisha. Wachoraji wa Tingatinga hupaka rangi ya nyuma kwanza, wakaiacha ikauke, ndipo wakachora mnyama juu yake. Kingo za mnyama zinapaswa kuonekana zimeinuka kidogo. Jihadhari na kopi zilizopakwa vanishi kwa brashi ili zionekane na mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo hupita ovyo juu ya picha bila kufuata umbo la mnyama wala mti.

Hatua ya pili: Mkono wa nani?

Picha ikifaulu hapo, umethibitisha jambo moja tu: imechorwa kwa mkono. Haijawa bado kazi ya mwanzilishi.

Tingatinga alichora kwa rangi za mafuta zinazong'aa, za aina ya zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, vingi vikiwa vya takriban futi 2 kwa 2. Picha za kitambaa, zinazokunjika na kubebeka kirahisi na watalii, zilishamiri baada yake. Ukiletewa picha ya kitambaa yenye jina lake, anza kwa kuitilia shaka.

Geuza picha uangalie mgongo. Ubao wa miaka 50 huchakaa bila mpangilio: palipofichwa na fremu hutofautiana rangi na palipo wazi, na misumari huacha kutu. Mgongo uliochakaa kwa usawa kila mahali huenda umepakwa rangi ya uzee. Harufu ya rangi mbichi nayo ni dalili kwamba huenda kazi ni ya juzi.

Saini isikutishe. Ni sehemu rahisi kuliko zote kughushi.

Hatua ya tatu: Historia ya umiliki

Muulize muuzaji picha ilinunuliwa na nani, wapi, mwaka gani. Stakabadhi ya zamani, barua, au picha ya kamera inayoionyesha ukutani miaka hiyo ina uzito kuliko maneno. Pasipo historia, lipa bei ya picha ya kawaida.

Tuseme umelipa Sh. 2,000,000 ukiamini ni kazi ya mwanzilishi, kisha ikabainika ni ya juzi na thamani yake ni Sh. 100,000. Sh. 1,900,000 zimepotea, na hata soko likipanda hazirudi. Ukiwa umeshaiuza kwa mteja, kilichopotea ni jina lako pia.

Hii haina maana kwamba picha za wachoraji wa leo ni bidhaa mbovu. Ndizo zinazoendesha biashara hii, na zinauzika vizuri zikiuzwa kwa jina la mchoraji wake. Kumbuka tu kwamba mchoro mmoja unaweza kurudiwa mara nyingi. Upekee wake ni mdogo, na bei izingatie hilo.

Unaponunua, dai stakabadhi yenye mambo manne: jina la mchoraji, mwaka, vipimo, na maneno "imechorwa kwa mkono". Muuzaji akikataa kuyaandika, usinunue.