Nani Aliilipia Rejista?

Mezani kuna fomu, faili la mgonjwa na rula. Mkaguzi wa utafiti anaweka rula chini ya mstari mmoja wa fomu, anasoma shinikizo la damu, kisha anapekua faili kuitafuta namba ileile katika mwandiko wa tabibu. Fomu inasema 130 kwa 80. Faili linasema 130 kwa 60, au pengine ile sita ni nane iliyoandikwa mbio mbio. Anaandika hoja. Hoja inakwenda kwa karani, karani anamsaka tabibu aliyekuwa zamu siku ile, tabibu anaangalia, anasahihisha, anatia saini na tarehe. Namba moja imekula siku tatu na imepita mikono mitatu.

Nimeikalia meza hiyo kwa miaka, na ndiyo maana nikisikia watu wakisema majaribio ya dawa ni ghali kwa sababu dawa ni ghali, huwa nawaomba tuangalie bajeti pamoja. Sehemu kubwa ya fedha huenda kwa watu: wanaojaza fomu, wanaoziingiza kwenye kompyuta mara mbili ili makosa yajitokeze, wanaozikagua, wanaopanda bodaboda kumfuata mama aliyehamia kijiji cha tatu ili kujua tu kama mtoto wake yu hai.

Je, taarifa hizo zikiwa zimeshaandikwa mahali pengine? Sweden walijiuliza hivyo, na jibu lao linafaa kutazamwa kwa makini.

Mwaka 2013 zilichapishwa habari za utafiti ulioitwa TASTE. Mtu anapopata mshtuko wa moyo, madaktari humzibua mshipa ulioziba. Swali lilikuwa: kulifyonza kwanza donge la damu kwa mrija mwembamba, kabla ya kuupanua mshipa, kunaokoa maisha? Utafiti uliofanyika Groningen, Uholanzi, kwa wagonjwa 1,071 ulikuwa umeleta matumaini mwaka 2008, na hospitali nyingi zikaanza kufyonza. TASTE uliandikisha wagonjwa 7,244, karibu wote Sweden. Ndani ya siku 30 walikuwa wamefariki asilimia 2.8 ya waliofyonzwa na asilimia 3.0 ya wasiofyonzwa, tofauti ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta. Matumaini yale hayakuthibitika.

Gharama yake ilitajwa kuwa takriban dola 300,000 za Marekani. Gawanya kwa idadi ya wagonjwa, hupati hata dola 50 kwa kila mmoja. Utafiti wa ukubwa huo kwa njia ya fomu na rula huhesabiwa kwa mamilioni.

Siri yake ni rejista. Kila mgonjwa wa Sweden anayezibuliwa mishipa ya moyo huingizwa katika rejista ya taifa iitwayo SWEDEHEART, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha rejista kadhaa zilizokuwapo. Daktari hujaza umri, magonjwa mengine, mshipa gani umeziba, dawa gani zimetumika. Watafiti waliongeza hatua moja tu katika kazi hiyohiyo: mgonjwa anafaa? Amekubali? Bonyeza, na kompyuta inapiga kura nani afyonzwe. Hakuna aliyepiga simu siku ya 30. Kila mkazi ana namba yake ya utambulisho, utaratibu ulioanza mwaka 1947, na vifo vilisomwa kutoka daftari la wakazi kwa namba hiyo. Kwa swali kuu la vifo hakupotea hata mgonjwa mmoja. Zaidi ya hapo, rejista iliwaonyesha hata wale ambao hawakuingia kwenye utafiti, na ikaonekana kwamba wao walifariki kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwenye fomu angekuwa hana habari nao kabisa.

Sasa turudi kwenye zile dola. Ni sawa na kupakia gunia lako juu ya lori ambalo tayari linakwenda Dodoma. Nauli ya gunia ni ndogo kwa kuwa lori, dereva na mafuta vimeshalipiwa na mwingine. Kwa TASTE, aliyelipa ni serikali na mikoa ya Sweden, mwaka baada ya mwaka, pamoja na saa za madaktari na wauguzi wanaojaza rejista kwa kila mgonjwa, kuwe na utafiti au kusiwe. Na rejista ina wakaguzi wake, wanaozunguka hospitalini kulinganisha kilichoingizwa na kilichomo kwenye mafaili. Rula ipo palepale. Imehamia kwenye bajeti nyingine tu. Kwa hiyo anayelinganisha njia hizi mbili kwa kuangalia bajeti ya utafiti peke yake anapima gunia na kulisahau lori.

Hata hivyo, nina imani kubwa na njia hii, kwa sababu inajibu maswali ambayo hakuna kampuni itakayoyalipia. Oksijeni, kwa mfano. Kwa zaidi ya miaka mia moja wagonjwa wa mshtuko wa moyo wamewekewa oksijeni kwa desturi. Mwaka 2017, kwa kutumia rejista ileile, utafiti wa DETO2X uliofuatilia wagonjwa 6,629 ulionyesha kwamba kwa mgonjwa ambaye oksijeni yake ya damu haijashuka, haikupunguza vifo ndani ya mwaka mmoja: asilimia 5.0 kwa waliopewa, 5.1 kwa wasiopewa. Kwa hospitali yenye mitungi ya kuhesabu, jibu hilo lina uzito wa pekee.

Lakini rejista inajua kile tu ilichoulizwa tangu mwanzo. Kifo inakijua vizuri. Kizunguzungu cha jana, vipele, dozi iliyorukwa, havimo. Dawa mpya ambayo madhara yake hayajafahamika bado inahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa na kumuuliza. Ufyonzaji wenyewe unatupa mfano. Mwaka 2015 utafiti wa TOTAL, wa wagonjwa zaidi ya 10,000 katika nchi 20, nao haukuona faida, lakini uliona kiharusi kikiwa zaidi kwa waliofyonzwa: asilimia 0.7 dhidi ya 0.3 ndani ya siku 30. TASTE haukuona tofauti hiyo. Huenda ni bahati ya namba ndogo, lakini TOTAL ulikuwa na kamati ya wataalamu iliyopitia matukio moja baada ya jingine. Jicho la namna hiyo linalipiwa.

Kwetu kuna mahali panapokaribia lori la Sweden: Kilifi. Tangu mwaka 2000 wahesabu watu wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi zaidi ya robo milioni, wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Mtoto akilazwa hospitali ya kaunti, jina lake hutafutwa katika orodha hiyo palepale. Ndivyo ilivyowezekana kupima jinsi chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ilivyopunguza ugonjwa.

Kwingine tunakwama kwenye jambo dogo sana. Nimewahi kuunganisha madaftari ya zahanati na ya wodi kwa mkono. Mtoto mmoja aliandikwa Mwanaidi kliniki, Mwanahidi maabara, na wodini akaandikwa kwa jina la babu yake. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya Januari mosi, kama ya nusu ya watoto wote katika daftari lile, na namba ya simu ilikuwa ya jirani. Kitambulisho cha taifa kilitolewa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo hapakuwa na namba ya kumshika. Nilimpata baada ya kumpigia yule jirani, naye akatembea mpaka kwa mama na kuniwekea simu sikioni mwake. Dakika 40, kwa mtoto mmoja, na katika bajeti yetu hapakuwa na mstari wa kazi hiyo.